Ukiugua au Kuumia Kazini: Jinsi Malipo Yako Yanavyohesabiwa

Katika mashamba ya mkonge ya Vipingo, viwanda vya chumvi vya Gongoni na Marereni, viwanda vya Mariakani, machimbo ya mawe na hoteli za Malindi na Watamu, maelfu ya wakazi wa Kaunti ya Kilifi huishi kwa mshahara wa mwezi, wa wiki au wa siku. Mara nyingi nyumba nzima hutegemea mikono ya mtu mmoja. Mikono hiyo inaposhindwa kufanya kazi kwa ugonjwa, ajali au ulemavu, maswali ya kwanza nyumbani huwa ni mawili: tutalipwa ngapi, na atalipa nani?

Sheria za Kenya zina majibu, lakini hayako katika sheria moja. Kuna mshahara wa likizo ya ugonjwa, kuna fidia ya kuumia kazini, kuna malipo ya NSSF kwa aliyepoteza uwezo wa kufanya kazi, na kuna pesa za Inua Jamii. Kila moja ina mlipaji wake na hesabu yake. Anayezichanganya anaweza kubisha mlango usio wake hadi muda wa kudai ukapita.

Makala haya yanaeleza kila hesabu kwa mifano. Mifano yote inatumia mfanyakazi mmoja wa kubuni ambaye mshahara wake wa msingi ni Sh18,000 kwa mwezi, pamoja na marupurupu ya nyumba ya Sh3,000. Jumla anapata Sh21,000 kila mwezi.

Swali la kwanza: umeugua, au umeumia kazini?

Hili ndilo swali linaloamua karibu kila kitu. Aliyeugua malaria nyumbani na aliyevunjika mkono kwenye mashine wote wawili hawawezi kwenda kazini. Hata hivyo, wa kwanza yuko chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, na wa pili yuko chini ya Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka huohuo, inayojulikana kwa wengi kama WIBA. Tofauti ya pesa kati ya sheria hizo mbili ni kubwa, kama mifano itakavyoonyesha.

Ajali ya kazini si ile ya kwenye mashine pekee. Ni ajali yoyote inayotokana na kazi na kutokea wakati wa kazi. Sheria inahesabu pia safari ya kwenda au kutoka kazini, mradi mfanyakazi amebebwa bila malipo katika gari lililotolewa na mwajiri kwa kusudi hilo, likiendeshwa na mwajiri au mfanyakazi wake. Magonjwa yanayosababishwa na kazi yenyewe, yaliyoorodheshwa katika sheria, nayo yanafidiwa. Kwa hiyo unapofika hospitalini, mweleze daktari mahali ulipoumia na namna ulivyoumia, na uhakikishe ameandika hivyo. Karatasi ya siku hiyo ya kwanza ndiyo itakayosomwa miezi kadhaa baadaye.

Likizo ya ugonjwa

Mfanyakazi aliyemtumikia mwajiri wake kwa miezi miwili mfululizo ana haki ya likizo ya ugonjwa. Kiwango cha chini katika Sheria ya Ajira ni siku 7 za mshahara kamili, na baada yake siku 7 za nusu mshahara, katika kila miezi 12 ya kazi. Hicho ni kiwango cha chini tu. Mkataba wako, makubaliano ya chama cha wafanyakazi au amri ya mishahara inayohusu sekta yako inaweza kukupa siku nyingi zaidi. Uliza kabla hujaugua.

Hesabu huanzia mshahara wa msingi. Tukigawa Sh18,000 kwa siku 30, siku moja ni Sh600. Mfanyakazi wetu akiugua siku 14, siku 7 za kwanza atalipwa Sh4,200 na siku 7 zinazofuata atalipwa Sh2,100. Jumla ni Sh6,300 badala ya Sh8,400 ambazo angepata akiwa mzima. Akiendelea kuugua hadi siku ya 15, na mkataba wake hauna nyongeza yoyote, kiwango hicho cha chini kimemalizika. Baadhi ya waajiri hugawa mshahara kwa siku 26 za kazi na kuhesabu siku za kazi pekee. Muulize mwajiri anatumia hesabu gani, kisha uilinganishe na hati yako ya mshahara.

Miezi 12 haianzi Januari kwa kila mtu. Huanza siku uliyoajiriwa na hurudi upya kila mwaka tarehe hiyo inapofika, isipokuwa kama mwajiri ameweka tarehe moja kwa wafanyakazi wake wote. Aliyeajiriwa mwezi Mei na akatumia siku zake zote mwezi Machi atapata siku mpya mwezi Mei.

Masharti ni mawili. La kwanza ni kumjulisha mwajiri mapema iwezekanavyo kwamba hutafika na kwa sababu gani. Ukishindwa, mtume mtu. Ujumbe wa simu unatosha kuonyesha kwamba ulijulisha, kwa hiyo usiufute. La pili ni kuleta cheti kwamba huwezi kufanya kazi. Hapa wengi hudhani ni lazima wasafiri hadi hospitali kubwa. Sheria inakubali cheti kilichotiwa sahihi na daktari aliyehitimu, au na mtu anayesimamia zahanati au kituo cha matibabu kwa niaba yake. Mkazi wa Ganze au Magarini aliye karibu na zahanati ya kaunti anaweza kuanzia hapo.

Fidia ya kuumia kazini

Aliyeumia kazini haingii katika hesabu ya siku 7 na 7. Chini ya WIBA anaweza kudai mambo matatu: gharama za matibabu, malipo ya muda ambao hawezi kufanya kazi, na fidia ya ulemavu wa kudumu iwapo jeraha litamwachia ulemavu.

Gharama za matibabu ni za mwajiri. Zinahusisha hospitali, uuguzi, dawa, usafiri wa mgonjwa na, inapohitajika, viungo bandia. Sheria inamtaka kila mwajiri awe na bima ya kugharamia majeraha ya wafanyakazi wake. Mwajiri asiye na bima hajaepuka deni. Anabaki kuwa mdaiwa.

Malipo ya muda hutolewa ajali inapomweka mfanyakazi nje ya kazi kwa siku 3 au zaidi. Hulipwa kwa vipindi na hulingana na mapato yake, ndani ya viwango vya chini na vya juu vinavyowekwa na waziri. Mfanyakazi wetu akivunjika mkono na kukaa nyumbani miezi miwili, hesabu yake ni Sh21,000 mara mbili, yaani Sh42,000. Malipo haya hukoma anaporudi kazini kwa mshahara uleule au zaidi, anapopona, au anapokadiriwa fidia ya ulemavu wa kudumu.

Fidia ya ulemavu wa kudumu ndiyo yenye hesabu ndefu zaidi, lakini kanuni yake ni fupi: mapato ya mwezi mmoja, mara 96, mara asilimia ya ulemavu. Miezi 96 ni sawa na miaka 8 ya mapato. Asilimia hutolewa na daktari kwa kufuata jedwali la sheria. Kupoteza mikono yote miwili, miguu yote miwili au uwezo wote wa kuona ni asilimia 100. Majeraha mengine yana asilimia ndogo zaidi kulingana na kiungo na kiasi cha uwezo uliopotea.

Kwa mfanyakazi wetu, Sh21,000 mara 96 ni Sh2,016,000. Hicho ndicho kiasi cha ulemavu wa asilimia 100, kabla ya kuzingatia viwango vya chini na vya juu vya waziri. Daktari akimpa asilimia 10, fidia ni Sh201,600. Akimpa asilimia 15, ni Sh302,400. Kila asilimia moja kwake ina thamani ya Sh20,160. Ndiyo sababu uchunguzi wa daktari haufai kufanywa haraka haraka wala kabla jeraha halijatulia. Mweleze daktari kila kitu usichoweza tena kufanya: kushika panga, kuinua gunia, kufunga vifungo vya shati.

Mfanyakazi akifariki kwa ajali ya kazini, fidia kwa wanaomtegemea huhesabiwa kwa mapato ya miezi 96.

Mapato ni yapi?

Kwa kuwa fidia huzidishwa mara 96, kosa dogo katika mapato ya mwezi huwa kosa kubwa mwishoni. Sheria inahesabu mapato aliyokuwa akipata mfanyakazi wakati wa ajali, pamoja na thamani ya chakula au nyumba anayopewa na mwajiri, na malipo ya saa za ziada ikiwa ni ya kawaida. Haihesabu saa za ziada za mara mojamoja, zawadi za hiari, wala pesa za kugharamia matumizi maalumu ya kazi.

Tuseme mwajiri ameandika kwenye fomu kwamba mfanyakazi wetu alikuwa akipata Sh12,000. Kwa ulemavu uleule wa asilimia 10, fidia itakuwa Sh115,200 badala ya Sh201,600. Amepoteza Sh86,400 kwa sababu ya nambari moja kwenye karatasi moja. Aliye na hati za mshahara, taarifa za benki au rekodi za malipo ya simu anaweza kuipinga nambari hiyo siku hiyohiyo. Asiye na chochote atalazimika kutegemea kumbukumbu za mwajiri na mashahidi.

Hili linawagusa zaidi vibarua na wanaolipwa kwa kipimo cha kazi, kama mawe yaliyochongwa au magunia yaliyobebwa. Kukosa mkataba wa maandishi si sababu ya kukata tamaa, kwa maana mkataba wa kazi unaweza kuwa wa mdomo. Hata hivyo, ushahidi wa malipo ndio unaojenga hesabu. Kibarua anayeandika katika daftari tarehe, kazi na pesa alizopewa, na kuhifadhi ujumbe wa malipo kwenye simu, amejiwekea kinga isiyomgharimu chochote.

Tarehe zinazolinda haki yako

Baada ya ajali, mfanyakazi au mtu kwa niaba yake anapaswa kumjulisha mwajiri, kwa mdomo au kwa maandishi. Maandishi ni bora, na nakala ibaki nyumbani. Mwajiri akishajua, ana siku 7 kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini kwa kutumia fomu ya DOSH/WIBA 1. Ajali ikisababisha kifo, taarifa hutolewa ndani ya saa 24. Ukiona siku 7 zimepita bila fomu kujazwa, usingoje huruma ya nyapara. Nenda mwenyewe katika ofisi ya usalama na afya kazini au ofisi ya leba.

Dai la fidia lazima liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali, au tangu siku ya kifo. Wapo wanaongoja wapone kabisa kwanza, na wapo wanaoahidiwa na mwajiri kwamba mambo yatamalizwa nyumbani. Ahadi haisimamishi miezi 12 kuhesabiwa.

Dai likishawasilishwa kwa mwajiri au kampuni ya bima, sheria inampa siku 90 kulilipa. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi kwake kwa maandishi. Asiporidhika na jibu, ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Utaratibu huo una umuhimu wake. Mwezi Desemba 2019 Mahakama ya Juu iliamua kwamba vifungu vya WIBA vinavyompa Mkurugenzi mamlaka ya kushughulikia madai haya ni halali kikatiba. Kwa hiyo anayeumia kazini huanzia kwa Mkurugenzi, wala hakimbilii mahakamani moja kwa moja. Mtu anayekuahidi njia ya mkato kwa malipo ya mapema anaweza kukupotezea pesa na muda.

NSSF: aliyepoteza uwezo wa kufanya kazi

Ugonjwa au jeraha likimwondolea mtu uwezo wa kufanya kazi daima, hata kama halikutokea kazini, NSSF inaweza kumlipa kabla hajafikia umri wa kustaafu. Chini ya Sheria ya NSSF ya mwaka 2013, mwanachama anayeomba pensheni ya kupoteza uwezo anatakiwa awe amethibitishwa na madaktari kwamba hali yake ni ya kudumu, na awe ametoa angalau michango 36 ya kila mwezi kabla ya kufikwa na hali hiyo.

Hapa asilimia ya ulemavu haizidishwi na mshahara. Kinachohesabiwa ni akiba iliyojengwa na michango, ambayo mfanyakazi hutoa asilimia 6 na mwajiri asilimia 6 ya mapato yanayokatwa. Mwajiri anayekata pesa na kukosa kuziwasilisha anapunguza malipo ya mfanyakazi wake, na pia anaweza kumkosesha ile michango 36. Angalia taarifa ya michango yako angalau mara moja kwa mwaka ukiwa mzima. Ni rahisi zaidi kufuatilia mwezi uliokosekana ukiwa kazini kuliko ukiwa kitandani.

Inua Jamii na watu wenye ulemavu mkubwa

Wapo wakazi ambao hawajawahi kuajiriwa, au wamezaliwa na ulemavu, au wanahitaji mtu wa kuwatunza usiku na mchana. Kwao hakuna mshahara wa kuzidisha. Mpango wa Inua Jamii wa Serikali ya Kitaifa una kundi la watu wenye ulemavu mkubwa, pamoja na kundi la wazee wa miaka 70 na zaidi na kundi la mayatima na watoto walio katika hali ngumu.

Kiwango ni kimoja: Sh2,000 kwa mwezi. Hakipandi kwa sababu ulemavu ni wa asilimia kubwa zaidi, wala kwa sababu familia ina watoto wengi. Kinachopimwa ni kama mtu anastahili kuingia: hali ya ulemavu na haja ya mlezi wa kudumu, umaskini wa nyumba, na kutokuwa na pensheni au mapato mengine ya uhakika. Kuwa na kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hakumwingizi mtu katika orodha moja kwa moja, na aliyestahili anaweza kungoja hadi nafasi ipatikane. Usajili hupitia kwa chifu na afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo, na haulipiwi. Mlezi akifariki au akihama, toa taarifa mapema ili malipo yasikwame.

Msamaha wa kodi na gharama za hospitali

Mtu mwenye ulemavu anayeendelea kufanya kazi anaweza kuongeza kipato chake bila kuongezwa mshahara. Aliyesajiliwa na Baraza hilo na kupewa cheti cha msamaha na KRA hatozwi kodi ya mapato kwa Sh150,000 za kwanza kwa mwezi. Anayepata Sh60,000, kwa mfano, hakatwi kodi hiyo hata kidogo. Msamaha hauhusu michango ya NSSF wala ya SHA. Safari huanza kwa uchunguzi wa daktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, kisha usajili katika Baraza, kisha ombi kwa KRA. Cheti kina muda wake, kwa hiyo andika tarehe ya kukihuisha.

SHA nayo hulipa hospitali, haikulipi mshahara. Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, na hauwezi kuwa chini ya Sh300 kwa mwezi. Kwa wasioajiriwa, mapato hukadiriwa kwa maswali kuhusu hali ya nyumba. Ukikoma kuajiriwa kwa sababu ya ugonjwa, usikae ukidhani mwajiri bado anachangia. Badilisha usajili wako ili usifike hospitalini na kuambiwa hujalipa.

Kaunti inasaidia wapi?

Leba, NSSF, Inua Jamii na SHA ziko chini ya Serikali ya Kitaifa. Kaunti haipangi viwango vyake wala hailipi pesa hizo. Hata hivyo, hospitali na zahanati za kaunti ndizo mahali ambapo madai mengi huanza: cheti cha ugonjwa, maelezo ya jeraha na ripoti ya uchunguzi wa ulemavu. Mgonjwa ana haki ya kuomba rekodi zake za matibabu. Ziombe kabla ya kuondoka, na uhakikishe jina lako, nambari ya kitambulisho na tarehe ya ajali vimeandikwa sawasawa.

Kila nyumba inayotegemea kazi ya mkono inafaa kuwa na bahasha moja yenye vitu vifuatavyo:

• nakala ya kitambulisho na mkataba wa kazi, kama upo;
• hati za mshahara za hivi karibuni, au daftari la malipo kwa kibarua;
• taarifa ya michango ya NSSF na nambari ya SHA;
• kila cheti, risiti na ripoti ya daktari;
• nakala ya notisi ya ajali na ya fomu ya DOSH/WIBA 1;
• majina na nambari za simu za walioshuhudia ajali.

Mtu mwingine nyumbani ajue bahasha hiyo iko wapi, kwa sababu aliyeumia huenda asiweze kuifuata mwenyewe. Anayehitaji kuelekezwa ofisi inayofaa anaweza kuanzia kwa chifu, kwenye ofisi ya leba au kwenye Huduma Centre iliyo karibu naye.